Ile ya Mara Moja

Daktari alimaliza na Mzee Khaemba kwa dakika nne, na kati ya hizo nne, moja aliitumia kutafuta miwani yake. Alisema ni kansa ya tezi dume. Alisema imeshafika kwenye mfupa wa nyonga, ndiyo maana mzee anachechemea. Alisema kuna njia mbili za kuituliza na kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye wa kuchagua, nesi angekuja sasa hivi kumweleza zote mbili polepole, kwa Kiswahili, mpaka aelewe. Kisha akatoka mbio. Alikuwa daktari wa kuja Voi kwa zamu, na nje kulikuwa na benchi zima la wazee waliomngoja tangu asubuhi.

Khaemba alibaki juu ya kile kitanda kirefu cha kupimia, miguu ikining'inia, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mshipi wake ulikuwa umeachwa kwenye kiti upande wa pili wa chumba. Mfupa! Hilo ndilo neno lililomwingia. Alikuwa na miaka sitini na saba, ameshazika wazazi wote wawili na kaka watatu, lakini hofu iliyomshika pale ilikuwa ya kitoto kabisa. Alitaka mtu aje amwambie kwamba wamekosea faili.

Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia na faili mkononi ni Wakio, mke wa mwanawe Morris.

Sasa hapa lazima tuelewane, la sivyo hutanielewa mbele. Khaemba ni mtu wa Bungoma. Miaka thelathini na miwili ya kukaa Voi, kwanza kwenye mkonge, halafu kwenye ranchi kule Ndara, haikumtoa Bungoma hata kidogo. Kwao baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono wala hawakai kiti kimoja, na mambo ya mwili ndiyo hayatajwi kabisa kati yao. Hata jino likimuuma mzee, mkaza mwana hupata habari kwa mama mkwe. Wakio ni Mtaita wa Bura, hakuzaliwa na sheria hizo, lakini tangu aolewe alizishika vizuri hadi Khaemba akawa anamtaja kwa watu kwa majivuno. Na leo mwanamke huyo huyo amesimama mbele yake, na yeye hana mshipi.

"Sista Jedidah yuko likizo, Baba," Wakio alisema, macho yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. "Hakuna mwingine."

"Sawa, Mama Cynthia."

"Basi nieleze haraka?"

"Eleza."

Akaieleza kalenda. "Njia ziko mbili. Kuna ile ya sindano, hiyo ni kila miezi mitatu bila kukosa. Na kuna ile nyingine ni... ni operesheni ndogo tu, Baba. Ya huko upande wa chini. Hiyo ni ya mara moja, basi. Hutarudi tena kudungwa."

"Sawa."

"Zote zinafanya kazi moja. Zinapunguza ile... ile nguvu inayolisha ugonjwa."

"Sawa, sawa."

"Kuna maswali, Baba?"

Maswali yalikuwa yamemjaa hadi kooni. Je, atakufa? Lini? Itauma? Upande wa chini wapi? Nguvu gani hiyo? Alimwangalia mkaza mwana wake kisogoni, akaona jasho limelowesha ukosi wa sare yake, na ndani yake likabaki ombi moja tu, kwamba huyu mtoto wa watu atoke ili yeye avae mshipi.

"Hakuna."

"Basi unachagua ipi?"

"Hiyo ya mara moja."

Wakio alimpa karatasi bila kugeuka sawasawa, naye Khaemba akatia sahihi mahali palipowekwa alama ya msalaba kwa kalamu. Jumanne, saa mbili asubuhi, asile kitu. Wakaagana wakiwa wametazama pande tofauti, kila mmoja akimshukuru Mungu kwamba imekwisha.

Nyumbani Mwakingali, Nabwile alikuwa uani akichagua mawe kwenye pojo. Mke huyu amekaa na Khaemba miaka arobaini na moja na anajua kumsoma kuanzia viatuni.

"Wamesema nini?"

"Wamesema Jumanne."

"Jumanne nini?"

"Operesheni. Ndogo. Ya mara moja."

"Wanatoa nini?"

"Si huo ugonjwa."

"Ugonjwa gani, Baba Morris? Una jina?"

"Kauvimbe." Neno kansa alilimeza pale pale, likashuka vibaya. "Ni kauvimbe tu."

"Kwa hiyo ukitoka hapo umepona?"

"Sasa mtu akitolewa ugonjwa si amepona? Mbona unauliza kama askari?"

Nabwile akaweka ungo chini, akainua mikono akashukuru kwa sauti, na jirani wa kushoto akaitikia amina bila kujua ni ya nini. Kufikia jioni kina mama wa kanisa walikuwa wameshaleta sukari, maziwa na mkate wa kukata. Walimpongeza. Mmoja alimwambia kwamba ana bahati, wengine hupewa habari mbaya. Khaemba alikaa katikati yao akichovya mkate kwenye chai, na kila alipomeza alijiuliza swali moja. Kama ugonjwa uko kwenye mfupa wa nyonga, hiyo operesheni ya upande wa chini inakwenda kutoa nini?

Jumamosi alikuja Makau.

Makau ni Mkamba, na huko Ndara walifanya kazi pamoja miaka ishirini na mbili. Kazi yao ilikuwa kuhasi. Fahali wakishatengwa, Makau alishika kamba na mkia, Khaemba akashika koleo, lile koleo kubwa la chuma lenye mdomo butu, linalobana na kukata mishipa ndani bila kupasua ngozi. Upande huu, upande ule, ng'ombe anayefuata. Khaemba alikuwa na jina kwa kazi hiyo. Mameneja wa ranchi za jirani walimwazima, na hakuna fahali aliyepita mkononi mwake akahitaji kurudiwa.

Makau alikuja na papai chini ya kwapa, akaketi, akasikiliza habari za ugonjwa akitikisa kichwa.

"Tezi dume? Kumbe! Huo ndio ulimshika ndugu yangu Kitonga, yule wa Marungu. Na wewe wamekupa ipi, ya sindano au ile ya mara moja?"

Khaemba aliweka kikombe chini. "Ile ya mara moja."

"Wacha!" Makau akajipiga paja. "Basi una roho ngumu. Kitonga alilia siku mbili ndipo akakubali."

"Alilia nini? Si wanasema ni ndogo?"

"Ndogo ndiyo. Saa nne ameshatoka, jioni anakula ugali. Lakini makende, rafiki yangu! Yote mawili! Si mchezo." Makau akaanza kucheka, kicheko chake kile cha zamani cha kwenye zizi. "Nilimwambia, Kitonga, wamekufanyia ile kazi yetu ya Ndara, tofauti ni kwamba hawa wana shuka safi!"

Chai ilimwagika. Khaemba hakujua ameigonga vipi, aliona tu inatiririka mezani na kudondoka kwenye goti lake, na haikumchoma. Makau akaacha kucheka.

"Kwani hawakukwambia?"

"Waliniambia."

"Maana umebadilika uso."

"Waliniambia, Makau. Mimi si mtoto."

Makau alipoondoka, Khaemba aliingia chumbani akaitoa nakala ya ile karatasi. Lilikuwepo neno moja la Kiingereza, refu, lisilo na mahali pa kushikia. Alilisoma herufi kwa herufi hadi mwisho na bado hakujua limesema nini. Chini yake palikuwa na sahihi yake, nzuri, ile aliyokuwa akiitia kwenye vitabu vya ranchi.

Akakaa kitandani. Aliwaona fahali. Si yule wala yule, bali wote kwa pamoja, wakiachiliwa kutoka kwenye kamba. Watu hudhani ng'ombe akimaliza kuhasiwa hukimbia. Hakimbii. Husimama. Husimama tu pale ulipomwachia, hajui aende wapi, na baada ya miezi michache unamwona kwenye birika la maji akisukumwa na vijidume vya juzi, naye anapisha. Ananenepa. Anakuwa mpole. Khaemba aliona hayo maisha yake yote na hakuwahi kuyafikiria mara mbili, hadi leo.

Alimpigia Morris simu. Morris hufanya kazi stesheni ya reli, na nyuma yake palikuwa na kelele za watu.

"Baba! Habari ya shujaa?"

"Morris, hebu niulizie... hebu umuulize mama Cynthia..."

"Nimuulize nini?"

Amuulize nini? Amtume kijana wake kwa mkewe akaulize habari za kende za baba yake? Hata simu yenyewe ingeona haya.

"Saa. Niulizie saa ya kufika."

"Si ni saa mbili? Usiwe na wasiwasi, Baba. Nimewaambia wote hapa kazini, mzee wangu aliutazama wembe wa tohara bila kupepesa jicho, hii ya hospitali ni kitu gani? Wanakusalimia!"

Na kweli watu walisikika wakishangilia. Khaemba akakata simu, akabaki ameishika mkononi.

Jumapili Nabwile alitoka kanisani mapema kidogo kuliko kawaida, akamkuta mumewe anafunga zipu ya begi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani Bungoma. Kuna mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Khaemba hakuwa amejiandaa. "Ya Sylus."

"Sylus gani?"

"Yule wa ng'ambo ya mto."

"Baba Morris, Sylus tulimzika mwaka juzi, na wewe ndiye uliyesoma wasifu wake."

Mzee akaketi kwenye begi. Lilikuwa na nguo laini tu, likabonyea naye hadi karibu na sakafu, magoti yakapanda juu, na kwa namna hiyo ya kuchekesha akaanza kulia. Nabwile hakuwahi kumwona akilia. Alifunga mlango kwanza, maana ukuta wa kushoto una masikio, ndipo akapiga magoti mbele yake na kofia yake ya kanisani kichwani.

Akaambiwa yote. Kansa, mfupa, karatasi, Makau, Kitonga wa Marungu. Aliposikia neno kansa alishika ukingo wa kitanda kwa nguvu.

"Na mimi nikakaa hapa nikipokea sukari," Nabwile alisema. "Watu wananiambia hongera, nami naitikia. Siku tatu, Baba Morris! Siku tatu unalala kando yangu na kitu hicho, unaniambia kauvimbe!"

"Niliogopa."

"Na sasa unakimbia. Ukienda Bungoma, mfupa unabaki Voi?"

"Mama Morris, mimi ndiye nimehasi wale fahali. Najua wanakuwaje."

"Wanakuwaje?"

"Wanasimama tu."

Nabwile alifuta uso wake kwa kitambaa, kisha akafuta wa mumewe kwa upande ule ule uliolowa. "Nani alikueleza mambo haya hospitalini? Daktari?"

"Mama Cynthia."

"Wakio? Wakio ndiye alikueleza habari za... Yesu wangu!" Alifunika mdomo. Alielewa mara moja, bila kuongezewa neno. Aliwaona wote wawili ndani ya kile chumba, mmoja akiangalia ukuta na mwingine akiangalia mlango. "Mmetaka kuuana kwa heshima. Toa nguo kwenye hilo begi."

Jumatatu saa kumi alasiri, Wakio alifika akiwa bado na sare, sweta juu yake. Nabwile alikuwa amepanga kikao asubuhi kama mtu anayepanga harusi. Khaemba aliketi kwenye kiti chake sebuleni, ameelekea dirishani. Wakio akapewa kigoda kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, kiasi kwamba mzee asingemwona hata akigeuka. Katikati yao, kwenye mkeka, akaketi Nabwile mwenyewe.

"Hakuna mtu anayeongea na mtu hapa," alitangaza. "Kila mtu anaongea na mimi. Wakio, anza."

Khaemba alisikia kuku uani.

"Mama, mwambie Baba kwanza kwamba nilikosea." Wakio alijibu kutoka mlangoni. "Nilisema upande wa chini kwa sababu niliona haya. Nilijua hakuelewa, na bado nikampa karatasi. Tangu Alhamisi sijala vizuri. Ningefanya hivyo kwa mgonjwa mwingine ningefukuzwa."

"Baba Morris, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie hata mimi nilikosea. Halafu muulize, wakitoa hivyo... hivyo vitu, ugonjwa unatoka?"

"Mama, mwambie hautoki. Ukishafika mfupani hautoki. Unalala. Kwa wengine unalala miaka mingi, kwa wengine michache. Siwezi kumdanganya."

Nabwile alifumba macho. Hakurudia maneno hayo, na hakuna aliyemdai ayarudie.

"Na sindano?" Khaemba aliliuliza dirisha.

"Vile vile. Ugonjwa huu unalishwa na homoni ya kiume, na hiyo inatengenezwa kwenye kende. Sindano inazifanya zilale zikiwa mahali pake. Kisu kinaziondoa. Mwili unaona kitu kimoja."

Neno lilikuwa limetamkwa. Kende. Paa halikuanguka. Khaemba alisikia masikio yakimwaka moto, akangoja yapoe.

"Muulize kama anayechagua sindano anabaki mwanamume."

"Mwambie hamu ya ndoa inapotea kwa zote mbili. Anaweza kupata joto la ghafla usoni, jasho, kuchoka. Mifupa inapungua nguvu, kwa hiyo lazima atembee na kula vizuri. Kifua kinaweza kuuma na kuvimba kidogo. Sauti haibadiliki. Hakuna mtu atakayemtambua barabarani."

"Sasa tofauti ni nini?"

"Sindano akiiacha, mara nyingi mwili unarudi polepole. Kisu hakirudishi. Huo ndio uzuri wa sindano. Ubaya wake ni kwamba haitaki kukosa tarehe, na dawa wakati mwingine haifiki. Mwezi uliopita wazee wawili walirudishwa nyumbani, wakangoja wiki tatu. Mmoja maumivu yalimrudia akiwa anangoja."

"Na mimi nikikataa zote mbili?"

"Mama, mwambie ugonjwa ukipanda kwenye uti wa mgongo, miguu inaweza kukataa kabisa. Nimewauguza wa hivyo. Sitaki kumuuguza yeye."

Khaemba alishika magoti yake. Hofu ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na umbo, angeweza kuizunguka na kuitazama pande zote. Aliuliza habari za ganzi. Aliuliza kama angekuwa macho. Aliuliza kidonda hupona kwa siku ngapi, na kwa swali hilo alikuwa karibu kumfundisha Wakio, maana alijua mahali pale huponaje. Nabwile aliacha kujifanya mkalimani, akawa anageuza shingo tu, huku na huku.

"Muulize jambo la mwisho," Khaemba alisema. "Muulize kuhusu ng'ombe. Maksai anakuwa mpole, anasukumwa na kila mtu. Hajali tena kitu. Mimi sitaki kuwa hivyo."

"Ng'ombe haulizwi, Mama. Baba anaulizwa. Hata kesho akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji akisema hapana, ni hapana, na daktari hatamgusa. Akitaka sindano, nitamwandalia sindano mimi mwenyewe."

Mzee aligeuka, akamtazama mkewe. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" Nabwile alinyoosha kanga yake. "Mimi nina miaka sitini na miwili, Baba Morris. Hayo unayoyalilia, tuliyaacha yenyewe tangu mwaka jana ulipoanza kulala chooni."

Kigoda kilianguka. Wakio alikuwa ameshaingia jikoni na sasa alisikika akitafuta chumvi kwa kelele nyingi, ingawa hapakuwa na kitu cha kutiwa chumvi. Khaemba alifungua mdomo kumkemea mkewe, akakuta Nabwile hacheki.

"Naogopa kubaki peke yangu," alisema. "Hilo tu. Kisu, sindano, chagua unachotaka. Uwepo tu hapa ndani, unibishie."

"Nitasema huko huko kesho," Khaemba alijibu, na hakusema zaidi.

Jumanne walimvalisha gauni la kufungia nyuma. Alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido, na Nabwile akakaa kando yake akishika begi lile lile lililokuwa liende Bungoma. Tangu alfajiri alikuwa amemuuliza mara tatu amechagua nini, na mara tatu akajibiwa kwa kuguna. Mwanamke wa watu alikuwa hajui kama atarudi nyumbani na mgonjwa aliyepasuliwa, aliyedungwa, au aliyeruka dirishani.

Khaemba mwenyewe alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Kila mlango wa kile chumba ulipofunguliwa aliona taa kubwa na kitu cha chuma kikimetameta kwenye sinia. Mara mbili alishusha mguu mmoja chini. Mara mbili akaurudisha.

Daktari alitoka amevaa kofia ya kijani na glavu, faili mkononi. Wakio alikuwa nyuma yake, na yule Sista Jedidah kwa bahati mbaya alikuwa bado likizo.

"Mzee Khaemba. Tuko sawa? Naona umeshatia sahihi, kwa hiyo tuingie."

"Sijatia sahihi."

Daktari alifungua faili, akamwonyesha. "Hii si yako?"

"Ni yangu. Lakini hiyo tupa. Nilitia sijui ni ya nini."

Daktari alimtazama Wakio, Wakio akatazama sakafu. Nabwile alisimama, begi kifuani.

"Basi umebadili nia?" daktari aliuliza. "Hakuna ubaya, mzee. Unataka ile ya sindano?"

Khaemba alijiinua kwa viwiko hadi akaketi. Gauni likafunguka nyuma, mgongo wote nje mbele ya mkaza mwana wake, na hakulishika.

"Sindano siku moja itakosekana," alisema, "na mimi sitaweza kukaa Mwakingali nikiingoja huku nasikiliza mfupa. Mnitoe kende. Zote mbili. Nimemaliza kusema."

"Lakini mzee, hiyo ndiyo iliyoandikwa hapa."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa karatasi nyingine ya nini?"

"Hiyo niliitia sahihi nikimwogopa mkaza mwana wangu. Nipe nyingine niitie nikiogopa kisu." Alitoa miguu nje ya shuka ili aonekane, ikawa inatetemeka yote miwili kuanzia mapajani hadi vidoleni. "Angalia, daktari. Naogopa kupita kiasi. Lakini leo najua kinakata nini."

Daktari aliitazama ile miguu, akatazama saa ya ukutani, akavua glavu.

"Sista," alimwambia Wakio, "leta fomu nyingine."